Umenunua "tiba" isiyotibu: pesa yako inarudi kwa msingi gani?

Kila mara mamlaka za dawa zinapotangaza kwamba vidonge fulani, bangili fulani au kinywaji fulani cha "kusafisha mwili" hakina uthibitisho wowote, swali linalofuata huwa moja: waliokwisha kununua wanarudishiwa pesa, au imekula kwao? Majibu yanayozunguka mitandaoni hugongana. Mmoja anasema bidhaa ya afya ikishafunguliwa hairudi. Mwingine anasema kila kitu kinarudi ndani ya siku 14. Wa tatu anasema huwezi kudai chochote kwa sababu kila mwili hupokea dawa kwa namna yake. Kila jibu lina chembe ya ukweli, ila imeng'olewa mahali pake na kupachikwa pasipo pake.

Mkanganyiko unaanzia kwenye jina. Watu husema "haki ya kurudishiwa pesa" kana kwamba ni haki moja, kumbe ni tatu, na kila moja ina chanzo chake, muda wake na ushahidi wake.

Ya kwanza ni haki ya kughairi. Hapa husemi bidhaa ni mbovu. Umebadili nia tu. Ukinunua dukani huku umeishika mkononi, sheria za nchi nyingi hazikupi haki hii, na duka likikubali kurudisha ni kwa hiari yake. Ukinunua kwa mbali, au muuzaji akikufuata nyumbani, mambo hubadilika, kwa sababu hukuikagua bidhaa au ulibanwa uamue papo hapo. Umoja wa Ulaya hutoa siku 14 tangu mzigo ukufikie, bila kutaja sababu, na muuzaji asipokueleza kwamba una haki hiyo muda huongezeka kwa miezi 12. Marekani kuna kanuni ya siku 3 za kazi kwa mauzo ya nyumba kwa nyumba, lakini haigusi ununuzi uliofanyika wote mtandaoni. Kwa hiyo anayesema "siku 14" anasoma sheria ya Ulaya, na anayeishi kwingine hawezi kuikopa.

Ya pili ni haki ya kupata kile ulichoelezwa. Bidhaa ikiwa mbovu, au ikiwa tofauti na maelezo yaliyokufanya uinunue, muuzaji amevunja makubaliano. Haki hii haitokani na huruma yake. Uingereza, Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kuikataa bidhaa ya namna hiyo na kurudishiwa pesa zote, na maneno yaliyo kwenye lebo na matangazo huhesabiwa katika kupima kama bidhaa ina ubora uliotarajiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 46, inataja haki ya mtumiaji kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, kupata taarifa za kumwezesha kunufaika nayo, na kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Australia imekwenda mbali zaidi: kibao cha "hakuna kurudisha pesa" chenyewe ni kosa, kwa kuwa kinamwaminisha mteja kwamba hana haki ambayo anayo.

Ya tatu ni dhamana ya muuzaji mwenyewe: "usiporidhika, pesa yako inarudi." Hii ni ahadi ya ziada, juu ya sheria. Masharti yake anayaandika yeye, na humo ndimo wengi wananaswa.

Kwa nini bidhaa za afya ni ngumu kuzidai

Balbu ikifungwa isiwake, hakuna mjadala. Muuzaji anaijaribu mbele yako, giza linabaki, anakupa nyingine. Kidonge kinachouzwa kuwa "kinasafisha ini" hakina swichi. Ini na figo hufanya kazi ya kusafisha damu saa zote bila msaada wake, kwa hiyo aliyekimeza na asiyekimeza hawatofautiani kesho yake. Haitafika siku utakayoona wazi kwamba kimeshindwa, na muuzaji analijua hilo. Ukilalamika, majibu matatu yako tayari: hukufuata maelekezo, hukutumia kwa muda wa kutosha, au mwili wako unachelewa kupokea.

Majibu yote matatu yanakuvuta kwenye uwanja mmoja, yaani mwili wako. Ukiingia humo umeshashindwa, maana huna namna ya kuthibitisha nini kingetokea kama usingetumia. Jenga dai lako juu ya maneno yaliyosemwa kabla hujalipa. Alisema nini? Aliyasema wapi? Siku anayasema, alikuwa na ushahidi gani? Maswali haya yanajibika kwa karatasi, na mzigo wa kuyajibu uko kwake.

Sheria nyingi zimekaa upande huo. Marekani, anayetangaza faida ya kiafya anatakiwa awe na ushahidi mkononi kabla tangazo halijatoka. Mwongozo wa Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, wa Desemba 2022 unaeleza kwamba kwa kawaida ushahidi huo ni majaribio kwa binadamu, yenye kundi la kulinganisha, na washiriki waliogawanywa kwa bahati nasibu. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2005 kuhusu biashara isiyo ya haki lina orodha ya vitendo vilivyopigwa marufuku moja kwa moja. Namba 17 katika orodha hiyo ni kudai kwa uongo kwamba bidhaa inaweza kuponya ugonjwa.

Mwishoni mwa mwaka 2010 kampuni iliyouza bangili za Power Balance nchini Australia, zilizodaiwa kuongeza nguvu na uwiano wa mwili, ilikiri kwamba haikuwa na ushahidi wa kisayansi wa kuaminika, ikatangaza kuwarudishia pesa wanunuzi. Hakuna mnunuzi aliyetakiwa kupimwa nguvu kwanza. Marekani, waliouza bangili za Q-Ray kwa madai ya kuondoa maumivu walijitetea kwamba hata kama bangili haina kitu, imani ya mvaaji humpa nafuu, kwa hiyo hajadhulumiwa. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa iliyoko Chicago iliikataa hoja hiyo. Uongo wa namna hiyo, ilieleza, huwafanya watu waache tiba zilizo nafuu na bora zaidi, na wengine walipe kupita kiasi kwa nafuu ndogo wanayoipata.

Wala bidhaa si lazima iwe ya bandia ndipo dai lake liwe la kupotosha. Nurofen ni dawa halisi ya maumivu. Australia iliuzwa katika pakiti tofauti, moja ya mgongo, moja ya kipandauso, moja ya hedhi, moja ya kichwa kinachouma kwa mkazo, kwa bei karibu mara mbili ya ile ya kawaida. Ndani ya kila pakiti kulikuwa na kitu kile kile: ibuprofen lysine miligramu 342. Mahakama iliona wateja wamepotoshwa, na mwaka 2016 faini ilipandishwa kutoka dola za Australia milioni 1.7 hadi milioni 6. Kidonge kilifanya kazi. Lililokuwa la uongo ni kwamba kilikwenda mgongoni na kuacha kichwa.

Lisome dai kabla ya kulidai

Si kila sifa iliyoandikwa kwenye chupa ni dai linaloweza kupimwa. "Jisikie mpya kila siku" ni sifa tu, na hakuna mahakama itakayoibeba. "Hupunguza sukari ya damu ndani ya wiki mbili" ni dai: lina kipimo, lina muda, na linagusa ugonjwa. Kati ya hizo mbili kuna maneno yaliyochongwa kwa uangalifu. "Husaidia", "huchangia" na "kwa ajili ya" huchaguliwa na watu wanaoijua sheria. Umoja wa Ulaya unaruhusu, kwa mfano, kuandika kwamba vitamini C huchangia utendaji wa kawaida wa kinga ya mwili, bali hauruhusu chakula au kirutubisho chochote kudai kwamba kinazuia au kutibu ugonjwa. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1994, kirutubisho kinaweza kutaja athari yake kwa mwili ilimradi lebo iseme kwamba dai halijakaguliwa na mamlaka ya chakula na dawa na kwamba bidhaa haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote.

Sentensi hiyo ndogo huwatisha wengi, wakadhani imewafungia mlango. Haijaufunga. Chupa ikisema "haikusudiwi kutibu ugonjwa" huku ukurasa wa mauzo, video au ujumbe wa sauti wa wakala ukisema inaponya kisukari, kilichokufanya utoe pesa ni hicho cha pili. Muuzaji hawezi kuahidi kwa mdomo kisha akajificha nyuma ya maandishi ya chini ya chupa. Ndiyo maana nasisitiza kuhifadhi tangazo kuliko kuhifadhi chupa, ingawa vyote vinafaa.

Neno "imesajiliwa" nalo linastahili kutazamwa kwa makini, maana linauza kuliko yote. Usajili wa kampuni unathibitisha kwamba kampuni ipo. Usajili wa bidhaa kama chakula au kirutubisho katika nchi nyingi huangalia usalama, viambato na lebo. Hauna maana kwamba mtu fulani amepima kama inatibu. Marekani virutubisho haviidhinishwi kabisa kabla ya kuingia sokoni. Dawa ndiyo inayotakiwa kuonyesha kwamba inafanya kazi. Mtu akikuonyesha namba ya usajili, muulize imesajiliwa kama nini, kisha iangalie kwenye orodha ya mamlaka husika.

Kuhusu "imethibitishwa kisayansi", omba utafiti wenyewe na uangalie mambo manne: ulifanywa kwa watu au kwa seli na panya, ulipima bidhaa hii au kiambato kimoja tu kilichomo, kipimo kilichotumika ni sawa na kilichomo kwenye kidonge, na kulikuwa na kundi lililopewa kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa ndani, kwa kulinganisha. Jambo la tatu huangusha bidhaa nyingi. Glukosamini kwa maumivu ya viungo imechunguzwa kwa miligramu 1,500 kwa siku. Chupa yenye "mchanganyiko maalumu" wa viambato 12 katika kidonge kimoja cha miligramu 500 haiwezi hata kuubeba ujazo huo, sembuse kuuthibitisha.

"Lakini mimi ilinisaidia"

Sentensi hii ndiyo huzima malalamiko mengi, na inayozungushwa sana kama ushuhuda. Hapana sababu ya kumdharau anayeisema. Nafuu aliyoipata ni ya kweli. Kinachobaki kujulikana ni imetoka wapi.

Mwaka 2006 Marekani ilichapisha matokeo ya jaribio kubwa la glukosamini, lililojulikana kama GAIT, kwa watu 1,583 wenye maumivu ya goti. Baada ya miezi 6, kati ya waliopewa kidonge kitupu, asilimia 60 walipata nafuu ya angalau moja ya tano ya maumivu yao. Waliopewa glukosamini walikuwa asilimia 64, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuitwa tofauti. Fikiria sasa kile kidonge kitupu kingekuwa kimeuzwa. Kati ya kila wanunuzi 10, sita wangeshuhudia kwa dhati kwamba kinafanya kazi.

Sehemu ya nafuu hiyo hutokana na matarajio. Sehemu nyingine hutokana na mwenendo wa ugonjwa. Maumivu hupanda na kushuka, na mtu hununua dawa yanapokuwa kileleni, kwa hiyo kinachofuata mara nyingi ni kushuka hata asingenunua. Mafua huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, na maumivu mengi mapya ya mgongo hupungua ndani ya wiki chache. Chochote utakachomeza siku ya tatu kitapata sifa siku ya nane.

Kwa anayedai pesa zake, hili linakata pande zote mbili. Ushuhuda wa wateja 500 wa muuzaji haumpi ushahidi. Na wewe ukisema "nilitumia wiki tatu sikuona kitu", hilo nalo peke yake ni dhaifu kwa sababu ile ile. Ndiyo maana tunarudi kwenye maneno yake.

Dhamana na mitego iliyomo

Dhamana ya muuzaji ni ahadi inayomfunga. Kesi inayofundishwa katika vyuo vingi vya sheria ilihusu bidhaa ya namna hii hasa. Mwaka 1891, wakati wa mlipuko wa mafua makali, kampuni ya Carbolic Smoke Ball ya London ilitangaza kwamba itamlipa pauni 100 yeyote atakayeugua mafua baada ya kutumia kifaa chake cha kuvuta moshi mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kama ilivyoelekezwa. Ili aonekane mkweli, mtangazaji alisema ameweka pauni 1,000 benki. Louisa Carlill alikinunua, akakitumia kuanzia Novemba hadi katikati ya Januari, akaugua. Kampuni ikasema lile lilikuwa tangazo tu. Desemba 1892 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba ahadi iliyo wazi, yenye masharti yanayotekelezeka, na yenye pesa zilizowekwa kuonyesha nia, ni mkataba na kila anayetimiza masharti yake. Alilipwa.

Zingatia kilichompa ushindi: alitimiza masharti. Na masharti ya siku hizi yanaandikwa ili yasitimizike kirahisi. Piga hesabu. Tangazo linasema dhamana ni siku 30, na masharti ya chini yanasema siku hizo huhesabiwa tangu kuagiza. Mzigo unafika siku ya 9. Chupa ina vidonge 60, viwili kwa siku, kwa hiyo itaisha siku ya 38. Muuzaji anakuambia matokeo huonekana baada ya chupa ya pili. Unapokuwa na haki ya kusema "haikufanya kazi" kwa vigezo vyake mwenyewe, dhamana imekufa zaidi ya mwezi mmoja nyuma. Siku uliyopokea mzigo, hesabu tarehe ya mwisho na uiandike, kisha toa taarifa kwa maandishi siku 7 kabla haijafika, hata kama chupa haijaisha.

Masharti mengine ya kutafuta kabla ya kulipa: kwamba uombe kwanza namba ya kibali cha kurudisha (mzigo usio na namba hukataliwa), kwamba dhamana ni kwa chupa ambazo hazijafunguliwa, jambo linaloifanya ahadi ya kuridhika isiwe na maana, kwamba lazima urudishe na chupa tupu, kwamba gharama ya kusafirisha na "ushughulikiaji" haimo. Ukiona la chupa tupu, usitupe hata moja.

Mbaya zaidi ni "jaribio la bure". Unalipia usafirishaji tu, unaacha namba ya kadi, na baada ya siku 14, tena tangu kuagiza, kadi inakatwa bei kamili ya kifurushi ulichokwisha kukipokea, halafu kingine kila mwezi. Kubadilisha kadi hakuzuii makato haya siku zote, kwa sababu mitandao ya kadi ina huduma inayowapa wafanyabiashara namba mpya ya mteja wao. Andika kwanza kwa muuzaji kwamba unasitisha usajili, hifadhi ujumbe, kisha iagize benki izuie makato ya mfanyabiashara huyo kwa jina.

Imefunguliwa, risiti imepotea

Lile jibu la "ikifunguliwa hairudi" lina mizizi. Sheria ya Ulaya inaondoa haki ya kughairi kwa bidhaa zilizofungwa kwa sababu za usafi au afya, pindi mnunuzi anapovunja lakiri. Hata hapo mipaka ni finyu: mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba godoro lililotolewa plastiki yake bado linarudishwa, kwa kuwa linaweza kusafishwa. Jambo kubwa ni kwamba ubaguzi huu ni wa haki ya kwanza tu, ya kubadili nia. Hauhusu bidhaa mbovu wala bidhaa isiyolingana na maelezo. Huwezi kujua kidonge hakilingani na maelezo bila kufungua.

Risiti ni ushahidi wa malipo, nao si wa pekee. Taarifa ya benki, ujumbe wa muamala wa simu, barua pepe ya kuthibitisha oda, hata mazungumzo ambamo muuzaji anakiri kupokea, vyote hutosha mara nyingi. Kama ulilipa kwa wakala ambaye ni rafiki au ndugu, anayewajibika kwako kwanza ni aliyepokea pesa, na yeye atadai kwa waliomuuzia. Hili huwafanya wengi wanyamaze kwa kuogopa kuvunja undugu. Inawezekana kuliandika kwa heshima na kumwomba akupe jina na anwani ya kampuni ili mdai pamoja.

Namna ya kudai

Anza na tangazo. Piga picha ya skrini inayoonyesha dai, jina la ukurasa, na tarehe. Video ihifadhi yenyewe, usitegemee kiungo, kwa sababu kurasa hizi hufutwa haraka malalamiko yakianza. Piga picha pande zote za chupa, pamoja na namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda. Kisha andika. Simu haitoshi, maana haiachi kitu mkononi. Ujumbe mfupi kama huu unatosha:

"Tarehe … nilinunua kwenu … (chupa 2, bechi namba …) kwa jumla ya …, niliyolipa kwa njia ya …. Tangazo lenu la tarehe … lilisema: '…'. Nakala imeambatishwa. Dai hilo ndilo lililonifanya ninunue. Naomba ushahidi wa majaribio kwa binadamu unaothibitisha dai hilo kwa bidhaa hii. Kama haupo, naomba mnirudishie … kwa njia niliyolipia, ndani ya siku 14 tangu tarehe ya ujumbe huu. Bidhaa iliyobaki ninayo na iko tayari kuchukuliwa. Nisipopata jibu nitawasilisha malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa watumiaji na mamlaka ya dawa pamoja na nakala hizi."

Angalia kisichomo: historia ya ugonjwa wako. Usiieleze. Haihitajiki, na itatumika kukurudisha kwenye mjadala wa mwili. Matusi na vitisho vya kumchafua mtandaoni pia viache nje, kwa kuwa vinampa la kusema dhidi yako.

Ukikataliwa, njia inategemea ulivyolipa. Kwa kadi, benki inaweza kufungua pingamizi la malipo. Kanuni za Visa na Mastercard kwa kawaida hutoa siku 120 kwa bidhaa isiyolingana na maelezo, lakini benki yako inaweza kuwa na fomu na muda wake, kwa hiyo usingoje. Katika sababu, andika kwamba bidhaa hailingani na maelezo, na uambatishe tangazo na ujumbe wako. Ukiandika "haikunisaidia", ofisa anayepokea hana sanduku la kulitia, na madai mengi huangukia hapo. Kwa pesa za simu hali ni ngumu zaidi: huduma ya kurejesha muamala imewekwa hasa kwa pesa zilizotumwa kimakosa, na mpokeaji akishazitoa hakuna cha kurejesha. Kwa pesa taslimu unabaki na barua yako, mamlaka, na mahakama ya madai madogo pale ilipo.

Muuzaji akikupa pesa kwa sharti kwamba usiseme lolote kwa mtu yeyote, soma kabla ya kusaini. Mwaka 2015 FTC iliishtaki Roca Labs, iliyouza bidhaa za kupunguza uzito na kuwatishia wateja mashtaka wakiandika maoni mabaya; mwaka uliofuata Marekani ilipitisha sheria inayofuta masharti ya kunyamazisha wateja katika mikataba ya kawaida. Kwa hali yoyote, usikubali sharti linalokuzuia kutoa taarifa kwa mamlaka ya dawa.

Ikikudhuru, au ikifanya kazi kupita kiasi

Kuna hali ambamo pesa ni jambo la pili. Bidhaa "ya mitishamba" inayoleta matokeo ndani ya saa chache inatia shaka kuliko isiyoleta kitu. Mamlaka za nchi nyingi zimekuta dawa za viwandani zimefichwa ndani: sildenafil katika bidhaa za nguvu za kiume, sibutramine (dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa hatari ya moyo na kiharusi) katika za kupunguza uzito, na steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe kama dexamethasone, katika za maumivu ya viungo. Hakuna kati ya hizo iliyoandikwa kwenye lebo.

Sildenafil ikikutana na dawa za moyo za kundi la naitreti inaweza kushusha shinikizo la damu hadi kuua. Steroidi ikitumiwa wiki nyingi huzifanya tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zipunguze kazi, na kuikata ghafla ni hatari. Kwa hiyo anayeshuku amekuwa akitumia kitu cha namna hiyo kwa muda mrefu asikiache peke yake nyumbani. Aende hospitali na chupa mkononi, asimamiwe na daktari. Ukiwa na uso unaovimba na kuwa wa mviringo, au uzito unaoongezeka upesi huku maumivu yameisha kimiujiza, usisubiri.

Katika hali hii usimrudishie muuzaji chupa yote. Baki na sampuli katika chombo chake cha asili, maana mamlaka ya dawa inahitaji kitu cha kupima. Matokeo ya maabara yakionyesha kiambato kilichofichwa, dai lako la pesa halibishaniwi tena, na gharama za matibabu zinaweza kuingia humo.

Mamlaka inaweza nini

Ukipeleka malalamiko, usitegemee ofisa akupigie muuzaji simu na kukuletea pesa. Baadhi ya mamlaka hupatanisha, lakini nyingi hukusanya malalamiko hadi picha ionekane, kisha huchukua hatua moja kwa wote. Airborne, kirutubisho kilichouzwa Marekani kama kinga ya mafua, ilikubali mwaka 2008 kulipa zaidi ya dola milioni 23 kumaliza kesi ya pamoja ya wateja, mbali na makubaliano yake na FTC. Malalamiko yenye picha ya tangazo, bechi na tarehe huingia moja kwa moja kwenye jalada la namna hiyo. Yale yanayosema "hawa ni matapeli" hayaingii popote.

Marejesho ya pamoja huwa na tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, kwa hiyo angalia tovuti ya mamlaka yenyewe. Na uwe macho na simu zitakazofuata. Orodha za watu walionunua bidhaa hizi huuzwa, na baada ya miezi kadhaa hutokea mtu anayejitambulisha kama wakili au ofisa wa mamlaka, anayeijua bidhaa uliyonunua na kiasi ulicholipa, akiomba ada ndogo ili akufungulie malipo yako. Mamlaka halisi haitozi ada ya kukurudishia pesa zako. Kata simu, kisha ipigie mamlaka kwa namba iliyo kwenye tovuti yake.